Mtoto Aonewapo na Wenzake

Mwezi huu twataka kusema juu ya jambo ambalo kila mzazi amelisikia uani kwake, na kila mwalimu amelisikia mlangoni pa darasa, nalo mara nyingi hujibiwa kwa maneno matatu tu: "Ni utani tu." Mtoto huja akilia, asema fulani amenipiga, au fulani na wenzake wamenitia jina, au wameninyang'anya daftari. Mtu mzima naye yu katika kazi yake, anafukuza ndege katika uwele, au anasahihisha madaftari themanini kabla jua halijatua. Basi humwambia, "Nenda kacheze, ni utani tu." Mtoto huenda, wala harudi tena kusema. Nasi twadhani jambo limekwisha.

Hapa Ugogo neno utani lina heshima yake, wala halifai kufanywa jani la kufunikia uchafu. Utani wetu una kanuni. Babu humtania mjukuu, na mjukuu humrudishia babu, pengine kwa maneno makali kuliko aliyopewa. Wana wa mjomba na wana wa shangazi hutaniana. Ukoo hutaniana na ukoo, na siku ya msiba watani ndio washikao kazi ya mazishi, nao ndio wachekeshao waliofiwa ili mioyo yao isipasuke. Mtani akichukua kitu chako leo, wewe una ruhusa ya kuchukua chake kesho, wala hapana kesi barazani. Angalieni basi: katika utani kila mmoja ana zamu yake, na yule akutaniaye ndiye atakayekuzika. Lakini mtoto azungukwaye njiani na watano waliomzidi nguvu hana zamu. Akijibu neno moja hupigwa. Na katika hao watano hapana hata mmoja aliyeagizwa na desturi kumzika. Huo ni uonevu, na lugha yetu inalo neno hilo tangu zamani, maana kumwonea mtu ni kumtenda vibaya kwa kuwa hana uwezo wa kujibu.

Wenye elimu wa Ulaya wamefika mahali pale pale kwa njia yao. Bwana Dan Olweus, mzaliwa wa Sweden aliyefanya kazi yake katika mji wa Bergen, nchi ya Norway, alianza kulichunguza jambo hili karibu na mwaka 1970, wakati ambapo watu wachache tu waliliona kuwa jambo la kuchunguzwa. Mwisho wa mwaka 1982 vijana watatu wa kaskazini ya Norway walijiua, na watu wakaona kwamba yaelekea sababu ilikuwa mateso waliyopata kwa wenzao. Mwaka 1983 serikali ya nchi ile ikaanza kazi ya kupinga uonevu katika shule zake zote. Bwana Olweus alitaja alama tatu za kuupambanua na ugomvi wa kawaida: kwamba hufanywa kwa kusudi, kwamba hurudiwa tena na tena, na kwamba nguvu za pande mbili hazilingani. Mkimwuliza mzee ye yote wa Kigogo tofauti ya utani na uonevu, atawapa hiyo ya tatu bila kwenda Bergen. Wala msidhani ni shida ya watoto wa mjini au ya Wazungu. Shirika la UNESCO lilitoa hesabu ya nchi nyingi za dunia mwaka 2019, ikaonekana kwamba karibu mtoto mmoja katika kila watatu alikuwa ameonewa na wenzake shuleni katika muda wa mwezi mmoja uliotangulia.

Sasa tuache hesabu, tuseme habari tuliyoiona kwa macho yetu, na ambayo sisi wenyewe tulikuwa na sehemu katika ubaya wake.

Mwaka 2017 tulikuwa tukifundisha darasa la nne katika shule moja ya kijijini, upande wa kusini ya mji wa Dodoma. Darasa lilikuwa na watoto 84, maana tangu michango ya shule ilipoondolewa, mwanzo wa mwaka 2016, watoto walimiminika shuleni kama maji ya korongo, jambo jema, ila madawati na walimu hawakumiminika pamoja nao. Kati yao alikuwapo kijana mmoja mdogo wa mwili, akaaye na bibi yake. Bibi huyo alikuwa kipofu, macho yake yaliharibiwa na vikope, ule ugonjwa wa kope ambao wenyeji wa Dodoma na Kongwa waujua sana, kwa kuwa huenea mahali penye vumbi na inzi wengi na maji machache ya kunawa uso. Kila asubuhi kijana alimwongoza bibi kwa fimbo, yeye ameshika ncha ya mbele na bibi ncha ya nyuma, hata penye mbuyu mkubwa ambapo wanawake hukaa wakipukuchua karanga na kuuza ubuyu. Kisha hukimbia shuleni. Jioni humrudisha nyumbani vivyo hivyo. Kazi hiyo hakuipenda wala hakuichukia; ilikuwa kazi yake, kama mwingine achungavyo ndama.

Siku moja ya mwezi wa Februari tulisimama langoni pa shule, watoto wakifika. Bibi na mjukuu walikuwa wakipita njiani polepole. Nyuma yao alitokea kijana mkubwa wa darasa lilo hilo, amefumba macho, ameshika bua la mtama ambalo ncha yake nyingine ilishikwa na mtoto mdogo, akipepesuka, akiita kwa sauti ya kizee, hata akaangukia kichakani miguu juu. Alikuwa hodari wa kuigiza, hatuwezi kumnyima sifa hiyo. Watoto wakacheka. Nasi tukacheka.

Hatukucheka sana. Tulicheka kama mtu achekavyo kabla hajafikiri, kisha tukakaza uso na kuwaambia waingie ndani. Lakini watoto 84 huona haraka kuliko mwalimu anavyokaza uso.

Tangu siku hiyo jina la kijana likawa Fimbo. Baada ya majuma mawili hapakuwa na mtu shuleni aliyemwita kwa jina la ubatizo wake. Mwalimu mwenzetu mmoja alimwita Fimbo alipoita majina ya darasa, naye akajibu, "Nipo." Tulilitaja jambo hilo chumba cha walimu kama kichekesho. Tena tukaona mambo mengine, ila hatukuyaunganisha: alianza kuchelewa, nasi tukamwadhibu kwa kuchelewa, hatukumwuliza kwa nini. Baadaye tulijua kwamba alijificha nyuma ya mbuyu hata kengele ilie, ili njia iwe tupu. Daftari lake la hesabu lilipotea, kisha la Kiswahili. Alihamia kiti cha karibu na mlango. Wakati wa mapumziko alikuja kusimama karibu na ofisi ya walimu, bila haja yo yote, nasi tukamfukuza akacheze na wenzake. Ndugu msomaji, mtoto asimamaye kila siku karibu na mtu mzima bila haja ana haja.

Hata siku moja akaja shati limechanika kutoka bega hata kiuno. Tukamsimamisha mbele ya darasa, tukamwuliza kwa sauti kuu, "Ni nani aliyekuchania?" Akasema, "Miiba." Darasa zima likacheka, maana lilijua. Lilikuwa swali la kijinga. Nani angemtaja mtesi wake mbele ya mtesi wake? Jioni yake msichana mmoja, ambaye alibaki kufagia, alituambia majina matatu huku akiendelea kufagia, bila kutuazama usoni.

Basi tukafanya lile ambalo sisi walimu hulijua kuliko yote. Kanuni za serikali za mwaka 2002 zasema kwamba viboko visizidi vinne, navyo vitolewe na mwalimu mkuu, au mwalimu aliyepewa ruhusa kwa maandiko, na viandikwe katika kitabu. Tukafuata kanuni. Kila mmoja wa wale watatu alipata vinne, kitabu kikaandikwa, kisha tukawaamuru wapeane mikono na kijana mbele ya mstari wa shule. Wakapeana mikono. Tukaenda kunywa chai kwa dhamiri safi.

Siku ya pili yake wale watatu walimngoja korongoni. Hawakumpiga, maana alama zingeonekana. Walimvua shati, wakamfunga nalo macho, wakamzungusha mara nyingi katikati ya mchanga, wakamwambia, "Sasa jiongoze," wakakimbia. Ilikuwa wakati wa mvua. Wenyeji wa nchi hii wajua kwamba korongo laweza kuwa kavu penye miguu yako hali mvua imekwisha kunyesha vilimani, na maji yaja kama ukuta. Mchungaji mmoja wa ng'ombe alimwona akipapasa, mikono yake ilikuwa imefungwa kwa kamba ya mkoba, akamtoa. Maji yalikuja usiku ule ule.

Hakuja shuleni muda wa siku tisa.

Hapa twataka kukawia kidogo juu ya fimbo, kwa sababu ni jambo tuulizwalo mara nyingi na wazazi, nao wengi hutuambia, "Mwalimu, mpige, mimi nimekupa ruhusa." Hatusemi kwamba adabu iondolewe. Twasema tuangalie fimbo ilifundisha nini siku ile. Iliwafundisha watatu kwamba mwenye nguvu humwumiza asiye na nguvu na kuandika katika kitabu, na ya kwamba kosa lao lilikuwa kuacha alama. Ikawafundisha pia kwamba mdogo ndiye sababu ya maumivu yao, nao wakamlipa. Katika nchi ya Uganda, wilaya ya Luwero, pana kazi iliyofanywa katika shule 42 pamoja na shirika liitwalo Raising Voices, kuwasaidia walimu kutafuta njia nyingine za kurudi watoto. Matokeo yalitangazwa mwaka 2015: baada ya mwaka mmoja na nusu, katika shule zilizopewa mafundisho hayo, kupigwa kwa watoto na walimu kulipungua kwa sehemu 42 katika mia, kulinganisha na shule nyingine. Wala shule hizo hazikuanguka kwa ukosefu wa adabu.

Kenya ilikataza fimbo shuleni mwaka 2001. Hata hivyo mwaka 2017 habari zilitoka katika Alliance High School ya Kikuyu, shule yenye sifa kubwa, iliyoanzishwa na misheni mwaka 1926, kwamba viranja walikuwa wakiwapiga na kuwatesa wanafunzi wa kidato cha kwanza. Uchunguzi ukafanywa, na mkuu wa shule akastaafu kabla ya wakati wake. Kwetu Tanganyika, tuseme Tanzania, ye yote aliyesoma shule ya bweni alijua habari za njuka, yaani mgeni wa kidato cha kwanza: kufua nguo za wakubwa, kubebeshwa maji, kuamshwa usiku. Tena wengi wetu twasimulia mambo hayo kwa kicheko, na kusema yalitukomaza. Huenda yalikomaza. Lakini sisi tulipofika kidato cha tatu tulimfanyia njuka wetu yale yale, wala hatukuona aibu mpaka tulipokuwa na watoto wetu wenyewe. Mtu mzima akimpa kijana fimbo ya kumtawala kijana mwenzake, kisha akaenda kulala, asishangae.

Walimu wa zamani waliwatisha watoto kwa habari ya Elisha na wale vijana waliomdhihaki kwa upara, na dubu waliotoka mwituni. Tuliisikia mara nyingi tulipokuwa wadogo. Hatumkumbuki mtoto hata mmoja aliyeacha kudhihaki kwa hofu ya dubu, labda kwa sababu Ugogo hatuna dubu.

Tuirudie habari yetu. Siku ya tisa tulikwenda kwenye tembe ya bibi, jioni. Tulimkuta ameketi mlangoni, anachambua mlenda kwa vidole. Tulipomwamkia hakungoja tujitaje. Akasema, "Mbukwa, mwalimu. Sauti yako naijua." Tukauliza aliijuaje, maana hatukuwahi kusemezana. Akasema, "Naliisikia siku ile langoni, ikicheka."

Hatukuwa na neno la kujibu. Tulikaa juu ya gogo. Baada ya kitambo akaendelea, bila hasira, kwamba mjukuu wake hakumwambia jambo lo lote, alimwambia tu shule imefungwa, naye alijua ni uongo kwa sababu alisikia kengele kila asubuhi. Kisha akauliza, "Wewe wataka arudi. Arudi kwa nani?"

Swali hilo tulirudi nalo nyumbani. Arudi kwa nani? Kwa watoto waliocheka? Kwa mwalimu aliyecheka nao? Tulipolipima tukaona kwamba kazi ya kwanza haikuwa kwa wale watatu. Basi kesho yake tulisimama mbele ya darasa, tukawaambia kwamba siku fulani, langoni, sisi tulicheka mtu aliyekuwa akidhihakiwa, na ya kwamba tulikosa, na ya kwamba jina lile halitatajwa tena na mwalimu ye yote katika chumba kile. Wenzetu wawili wa chumba cha walimu walituona tumepotoka. Walisema mwalimu akikiri kosa mbele ya watoto, heshima yake imekwisha. Sisi pia tulikuwa na hofu hiyo. Hapakuwa na ajabu iliyotokea: watoto walinyamaza, kisha tukaendelea na sehemu za hesabu. Lakini mapumziko yalipofika watoto wanne, mmoja mmoja, walikuja kutuambia mambo ambayo hatukuyauliza.

Ndipo tukawapa kila mtoto kipande cha karatasi, asiandike jina lake, aandike tu mahali anapopaogopa, shuleni au njiani. Wengine hawakujua kuandika sawasawa, wakachora. Korongo lilitajwa mara nyingi sana. Nyuma ya vyoo. Penye bomba la maji, saa ya jioni. Wachache waliandika "nyumbani", na hayo tuliyachukua kwa mwalimu mkuu siku ile ile. Na watatu waliandika "ubaoni", yaani mbele yetu. Tulijifunza kwa karatasi hizo zaidi ya tuliyojifunza kwa fimbo zote za mwaka ule. Maana uonevu una mahali pake na saa yake, kama fisi alivyo na njia yake, na mahali hapo ni pale asipokuwapo mtu mzima.

Tukamwendea mwenyekiti wa kitongoji, na wanawake wa bombani. Hatukuwaomba mambo makubwa. Wanawake tuliwaomba wasikie tu na kuita kwa sauti wakiona watoto wamezunguka mmoja. Mchungaji yule wa ng'ombe alisema mwenyewe kwamba atanywesha ng'ombe wake karibu na kivuko saa za kutoka shule. Watoto wa upande ule walipangwa kwenda pamoja kwa kitongoji, na mwalimu wa zamu alitembea nao hata korongoni muda wa majuma matatu, akilalamika jua kali, nasi twamsamehe.

Jambo la watazamaji latupasa kulisema vizuri. Kila aonewapo mtoto, wapo watesi wachache na watazamaji wengi, na mtesi hufanya kazi yake kwa ajili ya watazamaji, kama mchezaji wa ngoma. Yule kijana mwenye bua la mtama asingefumba macho kama njia ingekuwa tupu. Wachunguzi wa Canada waliwapiga watoto picha za sinema katika viwanja vya shule za Toronto, wakatangaza mwaka 2001 kwamba mtoto mwenzao alipoingia kati, zaidi ya nusu ya safari uonevu ulikoma katika muda wa sekunde kumi. Sekunde kumi! Sisi twakaa vikao vya saa tatu. Lakini si haki kumtuma mtoto mmoja asimame peke yake mbele ya wakubwa, akapigwe na yeye. Tuliwaita yule msichana wa kufagia na vijana wawili wenye utulivu, tukawaomba jambo dogo: waketi karibu na mwenzao, watembee naye, wamwite kwa jina lake. Wasipigane. Wakiona shari, wamwondoe na waje kwa mtu mzima. Tena tukaliambia darasa tofauti ya kuchongea na kuomba msaada: achongeaye ataka mwenzake aingie matatani, aombaye msaada ataka mwenzake atoke.

Na yule mwigizaji? Tulimwita peke yake. Hili ni muhimu, maana watesi wakiitwa pamoja hutazamana na kupeana nguvu. Tulimwambia tunayoyajua, hatukumwuliza kama amefanya, ili tusimfundishe uongo. Alikuwa amewazidi wenzake miaka mitatu. Mtihani wa darasa la nne ulikuwa umemrudisha nyuma. Aliamka saa kumi na moja usiku kwenda kukamua, na baba yake alimwita Zuzu mbele ya wageni. Tulilijua hilo siku tulipofika nyumbani kwao, maana baba alituamkia, kisha akamwita kwa jina hilo alete kigoda. Tulipoeleza habari ya korongo, baba akainuka kuchukua kiboko ukutani. Tukamsihi akae. Tukasema kwamba viboko amekwisha kupata, na matunda yake tumeyaona. Baba akauliza, kwa haki kabisa, "Basi aachwe?"

Hasha. Asiachwe. Mtu aliyeharibu hutengeneza, na hii ni desturi yetu kuliko fimbo, maana mabaraza ya wazee tangu zamani humtoza mkosaji mbuzi ili amani irudi. Ikakubaliwa kwamba baba atampelekea bibi kuku na maneno ya kuomba radhi, na kijana atamchotea maji muda wa majuma mawili, mama yake akiangalia. Hatukumtaka apeane mkono na mdogo wake, wala hatukumlazimisha mdogo kusamehe siku tuliyoipanga sisi. Kusamehe ni kwake yeye aliyefungwa macho.

Ingekuwa uongo kusema kijana huyo aligeuka malaika. Mwezi wa Mei tulimkuta akimnyang'anya mtoto wa darasa la pili ubuyu wake. Ila bibi alituambia kwamba alipoleta maji siku ya tano alikaa kidogo, akamwuliza giza la kipofu ni jeusi au ni jekundu.

Wazazi watatuuliza tena maneno mawili. La kwanza, je, si afadhali kumfundisha mtoto kurudisha ngumi? Mtoto awezaye kurudisha ngumi hakuonewa, aligombana. Aonewaye ni yule asiyeweza, nasi tukimwambia "rudisha" twamwongezea aibu ya pili, ya kwamba hata baba yake amemwona dhaifu. Msikilizeni kwanza hata mwisho, mahali pa faragha, wala msimwulize alifanya nini hata wakamchukia. La pili, mambo yakizidi, twende wapi? Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 yampasa mtu ye yote wa jamii, ajuaye kwamba haki za mtoto zavunjwa, kuitolea habari serikali ya mahali pake. Na simu ya watoto namba 116 hupigwa bila malipo. Katika wilaya yetu ya Chamwino, huko Buigiri, ipo shule ambamo watoto wasioona husoma kwa vidole, na watoto wenye ualbino nao wamesoma pale. Siku moja tuliwaeleza watoto wetu habari za kusoma kwa vidole. Wengine walifumba macho, wakapapasa vifuniko vya madaftari yao, safari hii bila kucheka.

Kijana alirudi shuleni. Jina la Fimbo halikufa kabisa. Hata alipofika darasa la sita tulilisikia mara moja kiwanjani, na mtu akamkanya aliyesema, wala mtu huyo hakuwa mwalimu.

Bibi alifariki mwaka 2019, baada ya mavuno. Tulikwenda mazishini. Watani walikuwapo, wakachimba kaburi huku wakimtukana marehemu kwa kutuacha na deni la karanga. Kisha mtani mmoja, mwanamke mzima wa makamo, akachukua ile fimbo iliyokuwa imeegemezwa mlangoni, akafumba macho, akaanza kutembea kama bibi, akipapasa hewani, akiita jina la mjukuu kwa sauti ile ile, akagonga kichwa katika nguzo ya tembe kwa makusudi. Watu wakacheka na kulia pamoja. Tukamtazama kijana. Alikuwa akicheka, machozi yakimtiririka, akaenda akashika ncha ya mbele ya fimbo, akamwongoza yule mtani kuzunguka ua.

Kando ya zizi alisimama yule mwigizaji, sasa kijana mrefu. Alitutazama, mdomo umekaza, kana kwamba atuuliza kama siku hii inaruhusiwa kucheka. Nasi hatukujua tumjibu nini.